Mnunuzi Asigonge Mlango

Hotelini, 9 Januari 1988

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua niliyoyapata kwenye basi bado yamening'ang'ania. Msalimie shemeji na mikono yake ya unga, na zaidi msalimie huyo mgeni aliyezaliwa mimi nikiwa nimeshaondoka. Mwambie mjomba wake anampenda, na pua asirithi ya kwetu.

Hoteli ni kubwa, ghorofa tatu, na ukumbi wa chakula una meza sitini. Bendi tuko saba, tunavaa makoti mekundu. La kwangu lilikuwa la mtu aliyeacha kazi, mikono inanifika katikati ya kiwiko na kiganja. Ungekuwa karibu ungenishushia pindo.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Nilipoitwa huku niliambiwa vyombo vyote vipo, nije na gitaa langu la besi tu. Kumbe amplifaya yao iliungua wiki moja kabla sijafika, na mwenye hoteli amesema hanunui nyingine, kila mpigaji aje na yake. Gitaa la besi bila amplifaya, dada, ni ubao wenye nyuzi. Kiongozi wa bendi, mzee mmoja mkavu asiyecheka hata akikanyagwa, hakunifukuza. Kanikabidhi manyanga. Mimi mtu mzima, miaka saba napiga besi, nasimama nyuma ya mpiga ngoma natikisa manyanga, chaka chaka chaka, mpaka wageni wamalize matunda. Amenipa muda hadi mwisho wa Juni. Nikipata mashine yangu, besi ni yangu. Nisipopata, anatafuta mtu mwingine, na mimi nafungasha.

Niliulizia kwa wenye malori kama ile yangu iliyoko kwako inaweza kuletwa. Nauli waliyonitajia inatosha kununua nyingine na kiti cha kukalia. Kwa hiyo nakuomba uniuzie, amplifaya pamoja na boksi lake la spika, visitenganishwe, unitumie hela ninunue huku huku.

Mnunuzi akija, washa swichi nyekundu, ngoja taa za ndani zipate moto. Itaanza kuvuma, mmmmmm, hata kama hakuna gitaa lililochomekwa. Usishtuke, na usimfiche. Ni kasoro ya uzee, na sitaki mtu aseme nimemuuzia kitu kibovu kwa siri.

Ni mimi mdogo wako,
wa manyanga

—

Nyumbani, 30 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa kona moja, sijui ni mvua au machozi. Nisamehe, nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Shemeji yako naye kacheka, kisha akasema si vizuri kumcheka mtu aliye mbali, kisha akacheka tena.

Sisi wazima, kama uzima ni kupumua. Mpwa wako ana jina zuri tu kwenye cheti, lakini hapa nyumbani anaitwa Bosi, maana akifungua mdomo kila mtu anasimama. Usiku analala kama gogo, namshukuru. Mchana ndiyo zamu yake ya kazi. Unajua shemeji yako anaingia kwenye tanuri la mikate jioni na kurudi asubuhi, kwa hiyo mchana ndiyo usiku wake. Na mimi mchana ndiyo cherehani yangu. Basi saa zile zile ambazo baba anataka kulala na mama anataka kushona, Bosi analia. Nimepewa sare za shule mia moja na ishirini. Tangu Jumatatu nimeshona kola nne, na moja nimeishona kinyume. Shemeji yako juzi aliweka chumvi mara mbili kwenye unga wa mikate yote kwa sababu ya usingizi, na watu wakairudisha.

Kuhusu hilo dude lako: kuliuza? Hata leo! Hata kwa mtu wa kuni! Limekaa katikati ya chumba changu cha kushonea kama wifi aliyesema anakuja kwa siku mbili. Kidole changu kidogo cha mguu hakina tena ukucha kwa ajili yake. Kesho nitaliwasha kama ulivyoeleza nione kama bado zima, halafu nikabandike tangazo dukani kwa fundi redio, maana wapiga muziki wote wanapita pale.

Vumilia, manyanga nayo ni kazi.

Dada yako

—

Hotelini, 22 Februari

Dada,

Shikamoo, poleni na kilio. Tangazo umebandika? Kiongozi jana kaniambia manyanga yangu yanakimbia mbele ya wimbo. Nimemjibu kwamba ni kwa sababu yanataka kutoroka. Hakucheka. Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako

—

Nyumbani, 8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, hatujambo, tena hatujambo sana. Bosi siku hizi analala kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri bila hata kugeuka. Kola nimemaliza zote, sasa niko kwenye mifuko. Shemeji yako amenawiri mashavu, na mikate yake inasifiwa mpaka mtaa wa pili.

Kuhusu mashine, usidhani nimekaa tu. Wanunuzi wamekuja watatu. Wa kwanza sikumpenda, aliingia na matope ya viatu, na mtu asiyejifuta miguu ataifuta amplifaya vumbi? Wa pili alikuwa na vidole vifupi. Usinicheke, nilimpima kwa futi yangu ya kushonea, akakubali mwenyewe kwamba ni vifupi. Wa tatu ni mwalimu wa kwaya ya shule, mtu wa heshima, lakini ana haraka mno. Alitaka aisikie kwa sauti. Kwa sauti ya nini? Nikamwambia haraka haraka haina baraka, arudi mvua zikiisha.

Kitu chenyewe ni chako, umekipigia kazi miaka saba, siwezi kukitoa kwa mtu yeyote tu anayepita. Na Juni bado iko mbali.

Hivi, ikiachwa imewaka saa nne mfululizo kila siku inaweza kuharibika? Nauliza tu, ili niwe na jibu mnunuzi akiniuliza.

Dada yako

—

Hotelini, 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Nafurahi Bosi analala. Shemeji mpe hongera ya mashavu.

Sasa sikiliza, na leo nina hasira, kwa hiyo ukiona wino umekolea ujue ni mkono umebonyeza. Mwalimu wa kwaya ameniandikia. Anwani yangu kaipata kwa fundi redio. Anasema alifika kwako akakuta mlangoni umebandika kadi ya boksi la vifungo, imeandikwa kwa chaki ya kushonea: MNUNUZI ASIGONGE MLANGO. Akakaa nje robo saa akifikiri atajulishaje kwamba yupo. Mwishowe akakohoa. Ukatoka na kidole mdomoni, ukamvua viatu, ukamwingiza kwa kunyata. Alipotaka kuchomeka gitaa ukamshika mkono. Ukamwonyesha mashine inavyovuma, ukamwambia kwa kunong'ona, "Hii ndiyo besi yenyewe, sikiliza ilivyo nzuri." Akasikiliza. Akauliza kama inapiga na nota nyingine. Ukamwambia hapana.

Dada! Mwalimu wa kwaya si mjinga! Anauliza kwa adabu kabisa kama una mgonjwa ndani ya nyumba.

Mimi najua kinachokusumbua. Unaona haya kumwuzia mtu mashine inayovuma, ndiyo maana unawafukuza wote. Moyo wako wa haki naujua tangu ulipomrudishia mwenye duka peremende niliyoiba nikiwa nimeshailamba nusu. Basi nimekutafutia dawa. Nimemwandikia fundi redio aje auondoe huo mvumo moja kwa moja. Ikishakuwa kimya haina aibu, utaiuza siku ile ile. Usinishukuru.

Juni haiko mbali, dada. Juni ni kesho kutwa. Nikipoteza nafasi hii sina nyingine, bendi zenye mshahara wa mwezi unazijua ni ngapi.

Mdogo wako

—

Nyumbani, 19 Aprili

Wewe!

Sikusalimu. Marahaba yako iko mfukoni mwangu, nitakupa nikipoa.

Alikuja huyo fundi wako. Alikuja siku niliyokwenda shule kupeleka sare, Bosi nikiwa nimembeba mgongoni. Shemeji yako aliamshwa, akafungua mlango macho yamefumba, akasikia "nimetumwa na shemeji yako," akasema karibu, akarudi kulala. Fundi alifanya kazi nusu saa. Kabadilisha kitu kimoja kidogo kama punje ya njugu, anakiita kapasita. Kaifuta mashine kwa kitambaa. Kaacha imekaa safi, kimya.

Nikarudi. Nikamlaza Bosi pembeni ya boksi kama kila siku. Nikawasha. Taa nyekundu ikawaka. Nikangoja. Hakuna kitu. Bosi akafumbua jicho moja, akalitazama boksi, akanitazama mimi, na tangu hapo ni siku nne alilia mchana kutwa. Siku nne! Haya, sasa umejua. Nilikuwa nakuficha na sasa nakuambia: ile siku niliyoiwasha kuijaribu, Bosi alikuwa analia mikononi mwangu, ile mmmmmm ilipoanza akanyamaza kama amekatwa umeme yeye. Akalala saa nne nzima. Nami nikakaa chini nikalia badala yake, kwa raha. Tangu siku hiyo nyumba hii imeishi kwa kasoro ya mashine yako, na wewe umemtuma mtu aje aitengeneze.

Tulijaribu kila kitu. Shemeji yako aliingiza kichwa kwenye ndoo akavuma mwenyewe, akalala yeye, ndoo ikiwa bado kichwani. Mimi nikavuma huku nashona, nikashona mfuko wa suruali mgongoni mwa shati. Siku ya tano nikamfuata fundi dukani. Nikamwambia rudisha mvumo. Akaniangalia. Akasema, "Mama, miaka ishirini na mbili nipo kwenye kazi hii, watu wanaharibu wenyewe, mimi natengeneza. Leo unataka nigeuke?" Nikamwekea Bosi mapajani. Baada ya dakika tano akasema, "Nisubiri nichukue begi."

Ile kapasita mbovu alikuwa ameshaitupa kwenye kopo lenye mabovu yote ya miaka ishirini na mbili. Hakujua ni ipi. Tulikaa Jumamosi nzima, yeye anachomelea, anawasha, na Bosi mapajani mwangu anaamua. Ya kwanza ilivuma kama mbu, Bosi akaona ametukanwa. Ya tatu ilitikisa vioo vya dirisha na mkebe wangu wa vifungo ukaanguka. Ya sita haikuvuma, ilitoa moshi. Ya tisa, mdogo wangu, ya tisa ikasema mmmmmm, na kope za Bosi zikaanza kushuka. Fundi akajifuta uso, akanong'ona, "Ndiyo hiyo." Kanipa risiti, ninayo hapa, imeandikwa: Kuharibu amplifaya, kazi moja.

Najua umekasirika. Mimi pia najikasirikia. Sikukuambia kwa sababu najua moyo wako, ungesema "basi kaa nayo dada," ukabaki na manyanga yako kwa ajili yangu, nami ningeona aibu. Nikaona afadhali nikudanganye ili nisione aibu, na sasa naona aibu mara mbili. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Njoo ukae na Bosi mchana mmoja, halafu uniambie niuze.

Haya, marahaba.

Dada yako

—

Hotelini, 8 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo tena, kwa kuwa ile ya mwanzo ilikaa mfukoni.

Nimeisoma barua yako nyuma ya jukwaa, nikamsomea mpiga tarumbeta, akacheka mpaka akashindwa kupuliza wimbo wa kwanza. Kiongozi alitaka kujua kuna nini. Tukamwambia ni habari za nyumbani. Akasema habari za nyumbani zisomwe nyumbani.

Niseme ukweli, nimeumia kidogo. Miaka saba nimehangaika na mashine hiyo nikiwataka watu wainuke kwenye viti wacheze, wengi hawakuinuka. Kumbe kipaji chake kilikuwa kuwalaza. Lakini pia nimejisikia fahari. Sijawahi kumwona mpwa wangu, sijampa hata soksi, na bado ndiye mimi ninayemlaza kila siku. Nilikaa na wazo hilo siku mbili na nikakaribia kukuandikia neno lile lile ulilosema ningeandika.

Lakini siandiki, dada. Safari hii sisemi "kaa nayo." Ningekuwa na kazi nyingine ningesema. Mwaka jana nilipiga harusi tatu tu na moja hawakuoana. Hii ndiyo mara ya kwanza nimeitwa na bendi yenye mshahara, chumba na chakula, na kati yangu na kazi hiyo kuna kitu kimoja tu, nacho pembeni yake amelazwa mtoto. Nakuachia uamue. Ukiniuzia kabla Juni haijafikia katikati, nitawahi. Usiponiuzia nitajua Bosi alikuwa na haja kubwa kuliko yangu, na nitarudi nyumbani kuvuma kwa mdomo.

Jaribuni kumzoesha kidogo kidogo. Ishushe sauti kila siku.

Mdogo wako

—

Hotelini, 27 Mei

Dada,

Sina nafasi ya salamu, nisamehe, mmo moyoni. Kiongozi amepata habari za mpiga besi mmoja kijana, anatoka huko huko kwetu, anasifiwa. Kumbe wiki mbili zilizopita alishamwandikia aje mara moja, sharti moja tu: awe na mashine yake. Nikamwuliza, na mimi? Akasema yeye hana upendeleo, atakayetangulia kupanda jukwaani na amplifaya yake ndiye mpiga besi wa hoteli hii.

Dukani hapa ipo moja nzuri, mwenye duka amenishikia mpaka katikati ya Juni. Kwa hiyo ni mbio, mimi na huyo kijana. Uza, dada. Uza kwa yeyote, vidole vifupi, viatu vya matope, hata kama hana vidole kabisa. Fanya haraka nimtangulie!

Mdogo wako

—

Nyumbani, 2 Juni

Mdogo wangu kipenzi,

Marahaba, na kaa chini kwanza kama umesimama. Barua yako ya mwisho niliyonayo ni ile ya tarehe nane Mei. Kama umeandika nyingine baadaye, posta hawajaileta, na haina haja, maana nina habari njema.

Ile barua ilinikata maini. Hasa hapo pa harusi tatu. Nikamwambia shemeji yako, huyu mtoto nimemlea mimi, nimemfuta makamasi, leo nimemfungia riziki kwa ajili ya usingizi. Nikaanza kushusha sauti kila siku kama ulivyosema. Bosi alikuwa anajua. Nikishusha kidogo tu, jicho moja.

Basi Alhamisi ya juzi umeme ukakatika mtaa mzima saa nne asubuhi. Nikasema leo tumekwisha. Nikamlaza pale pale, nikaziba masikio nikangoja. Akajigeuza. Akatia kidole mdomoni. Akalala! Kwa muda wa saa nne na nusu alilala, pasipo umeme, pasipo mvumo, na fundi wa paa anagonga mabati nyumba ya pili. Ijumaa sikuiwasha, akalala. Jumamosi nikapiga cherehani pembeni ya sikio lake, akalala. Nimemwuliza jirani mwenye watoto watano, kasema wakifika miezi mitano wanabadilika tu, wala hawakuambii. Huenda hata mwezi uliopita ningeweza kuiuza, ni mimi sikuthubutu kujaribu.

Nikakimbilia kwa fundi redio, nikamwambia njoo uondoe mvumo. Kasema, "Mama, hii ya tatu naiandika kwenye daftari la kumbukumbu." Kaitoa, na kapasita kanipa nikaitunze.

Sasa, jana asubuhi kaja mnunuzi. Mdogo wangu, huyo ni mtu! Kijana mrefu, kajifuta miguu bila kuambiwa, vidole virefu mpaka vinatia wasiwasi. Kachomeka gitaa, kapiga kwa sauti kamili, Bosi kacheka. Nilimhoji kama anaposa. Kumbe naye yumo kwenye shida kama yako! Kaitwa na bendi ya hoteli moja mbali, lakini kiongozi wao, mzee fulani mkali, kamwambia asije bila mashine yake mwenyewe. Nikasema jamani, dunia hii ina wazee wa namna hiyo wangapi! Nikamsimulia habari zako, manyanga na yote, akasikitika sana, akatikisa kichwa. Akaniambia kuna jamaa huko anamsumbua kiongozi kwa nafasi hiyo hiyo, kwa hiyo lazima awahi. Roho ikaniuma, nikampunguzia bei. Najua ungefanya vivyo hivyo. Koti lake lilikuwa limelegea kifungo, nikamshonea akiwa bado amelivaa, na kwa kifungo hicho nikasahau hata kumwuliza ni hoteli gani.

Kaka yake ana lori la magodoro linaloondoka mwisho wa mwezi, litabeba kila kitu. Hela nimekutumia kwa hawala ya posta hivi leo. Nenda kanunue mashine yako, upande jukwaani, umwonyeshe mzee huyo mtu ni nani. Nimejisikia mwepesi kama nimeshusha mzigo wa kuni.

Dada yako anayekupenda

—

Hotelini, 3 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Nauweka uzima mbele kwa sababu yanayofuata yatakutia shaka.

Hawala ya posta imefika Jumanne. Lori la magodoro lilifika Jumatatu.

Tulikuwa tunapanga viti. Kiongozi akaita, "Wewe wa manyanga, saidia kushusha mzigo wa mpiga besi mpya." Nikatoka. Kijana mrefu akanipa mkono, akasema samahani kaka, ni zito kidogo. Wakafungua turubai. Dada, nililijua kabla halijaonekana lote. Nililijua kwa ile kona niliyoigonga kwenye mlango wa kanisa. Nikashika upande wangu, yeye akashika wake, nikalipandisha boksi langu mwenyewe ngazi kumi na nne kwa mikono yangu mwenyewe nikampelekea mtu mwingine jukwaani. Njiani akanisimulia jinsi alivyouziwa na mama mmoja muungwana sana, kamshonea na kifungo. Akanionyesha kifungo. Umekishona vizuri.

Alikuwa hazijui zile swichi. Akauliza kama yupo anayeelewa mashine za zamani. Mdomo ukanitoka, nikasema lete. Nikachomeka gitaa langu nimwonyeshe. Nilikusudia nota mbili tatu. Lakini miezi sita, dada, miezi sita ya chaka chaka chaka! Nilipiga wimbo mzima, na wa pili nikauunganisha. Wapishi walitoka jikoni na miiko mikononi. Mpiga ngoma akajiunga bila kuitwa. Huyo kijana akarudi nyuma hatua moja, kisha mbili, akaketi kwenye godoro alilokingia boksi lorini. Nilipomaliza kiongozi alikuwa amesimama chini ya jukwaa, mikono mgongoni. Ndipo akasema, kwa huruma kabisa, mbele ya watu wote:

"Besi unaiweza, kijana. Kuliko huyu. Tatizo lako ni moja tu, huna mashine."

Nilikaa juu ya boksi langu nikacheka mpaka wakaniletea maji. Kijana wa watu alidhani nalia, akaniazima kitambaa, na kwa kweli nilikitumia.

Sikuandikii kukulaumu. Hapana, nakulaumu. Nakulaumu sana, hasa kwa kile ulichompunguzia. Lakini kila nikitaka kukasirika vizuri nakuona na kapasita mkononi, nashindwa. Kiongozi ameniruhusu wiki mbili nikapumzike kwa sababu anasema kicheko kile hakikuwa cha mtu mzima wa afya. Nakuja. Nitafika Ijumaa ya tarehe kumi na tano, kwa basi la mchana.

Ombi langu ni moja, na hili ulitimize kwa wakati. Siku hiyo Bosi msimlaze. Mtekenyeni, mpigieni sufuria, fanyeni mtakavyo. Nimemlaza miezi minne na kumpa kazi yangu, na sura yake siijui. Nataka nikifungua mlango nimkute macho.

Mdogo wako,
mjomba wake